Mwezi wa Kununua Gari la Umeme Lililotumika



Chama cha msingi kinachotaka kununua gari la umeme lililokwisha kutumika kwa kawaida huuliza kwanza bei, kisha huuliza rangi, na mwishoni kabisa, ikiwa yupo mzee mwangalifu mkutanoni, huuliza mwezi. Mazungumzo haya yanaanzia hapo pa mwisho.

Jibu lenyewe ni fupi. Wakati ufaao kwa chama cha Shinyanga au cha ukanda wa dhahabu wa Geita ni kati ya katikati ya Februari na katikati ya Aprili, na fedha itumike ile iliyowekwa tangu msimu uliopita. Wakati mbaya ni Julai na Agosti, miezi ambayo karibu kila chama hupenda kununua. Lakini jibu lisilo na sababu halimsaidii katibu anayesimama mbele ya wanachama, na katika jambo hili zipo sababu zinazovutana. Hapana budi zielezwe zote.

Pamba ya Shinyanga hupandwa mvua zikianza, Novemba hadi Desemba, na soko lake kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti mizani hufanya kazi, ushuru wa chama kwa kila kilo huingia, na vitabu vya chama vinavyokuwa vimekonda tangu Krismasi huanza kunenepa. Ni miezi ya harusi, ya mabati mapya, ya ng'ombe kuhama zizi na ya pikipiki kutoka dukani zikiwa bado na karatasi za plastiki kwenye kiti. Muuzaji wa magari mjini Kahama au Mwanza ayajua hayo kama mkulima mwenyewe. Ajumbe wa bodi wanapofika kwake mwezi wa Agosti, watu watano katika gari moja na mhuri wa chama mkobani, hana sababu yoyote ya kuteremsha bei. Ajua fedha ipo. Ajua pia kwamba wajumbe hawatapenda kurudi kijijini mikono mitupu baada ya kulipwa posho ya safari.

Upande wa Geita hesabu ni nyingine. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu hangojei msimu wa mazao. Akipata, anauza, na tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa mwezi Machi 2019 anauza mahali panapojulikana, kwa bei inayojulikana. Kwa hiyo katika mji wa biashara kama Katoro fedha huzunguka mwaka mzima, na bei ya gari haitegemei pamba. Hata hivyo uchimbaji nao una majira yake. Mvua kubwa zikinyesha mashimo hujaa maji, kazi hulegea, na aliyenunua gari wakati wa neema hulitazama kwa jicho jingine anapodaiwa kodi ya nyumba.

Hapo ndipo kalenda mbili zinapokutana. Mwezi Machi mkulima wa Kishapu yuko shambani hana kitu mfukoni, mchimbaji wa Geita anangoja maji yapungue, na mfanyabiashara amekwisha kutumia faida yake kwa mahitaji ya shule ya Januari. Wanunuzi ni wachache, wauzaji ni wengi, na mtu mwenye fedha taslimu husikilizwa. Chama kinachoweza kuwa mtu huyo mwezi Machi kinanunua gari lile lile kwa maneno machache na kwa bei nafuu.

Ugumu wote umo katika neno hilo, kuweza. Fedha ya ushuru iliyoingia Agosti ikae hadi Machi bila kuguswa ni jambo linalosemwa kwa urahisi mkutanoni na kutendwa kwa shida. Katika miezi hiyo saba kutakuja ombi la mkopo wa mjumbe, paa la ghala litavuja, na wanachama watanong'ona kwamba kama fedha haionekani basi imeliwa. Mwanachama asilaumiwe kwa kunong'ona. Vyama vya Kanda ya Ziwa vina historia ndefu. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria liliundwa mwaka 1955 na likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika, lakini vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980, kisha vingi vikazama katika madeni. Wazee waliouza pamba kwa karatasi za ahadi wakasubiri malipo wangali hai, na hawakosi kuuliza.

Dawa ya minong'ono ni karatasi ya benki. Fedha ya gari iwekwe katika akaunti ya peke yake, isitolewe ila kwa saini zilizokubaliwa na mkutano mkuu, na taarifa ya benki isomwe katika kila kikao cha bodi na kubandikwa ukutani pa ofisi. Upandaji wa bei nchini katika miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka asilimia 3 kwa mwaka, kwa hiyo shilingi inayongoja miezi saba haipungui sana. Gari la umeme linalongojewa, kwa upande wake, hupungua thamani, maana magari mapya yenye betri kubwa zaidi huzidi kutoka kila mwaka na kuyasukuma ya zamani chini. Ng'ombe akikaa zizini huzaa. Gari likikaa uani kwa mwenye kuliuza humtia hasara mwenyewe. Anayengoja na fedha mkononi ndiye mwenye nafuu.

Msimu wa 2019 watosha kuwa mfano wa yule asiyengoja. Bei elekezi ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasitasita, na wakulima wengi wakakaa miezi bila kulipwa pamba waliyokwisha kuitoa. Chama kilichokuwa kimelipa arubuni ya gari mwezi Mei kwa kutegemea ushuru wa Julai kingejikuta na gari nusu, deni zima, na wanachama wasiolipwa wanaolitazama gari hilo kila wanapopita. Basi gari lisinunuliwe kwa pamba ambayo bado iko kwenye mti.

Sheria yenyewe inaelekea huko. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 chama huendeshwa kwa makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, na kikitaka kukopa hakina budi kubaki ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Katibu mwenye kutaka gari la Machi hulipeleka katika makisio kabla ya msimu, akitaja kazi ya gari, kiwango cha juu cha bei, na gharama ya kulileta na kulitunza. Likikosekana gari la bei hiyo, fedha hubaki benki. Wajumbe waliopewa kiwango na wakakiandika katika mhutasari hawapati kishawishi cha kuongeza milioni moja wakiwa mbele ya muuzaji.

Sasa yafaa kutazama mbali zaidi, kwa sababu magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania hutoka Japani, na Japani nako kuna msimu.

Mwaka wa fedha wa Japani huanza tarehe 1 Aprili, na kodi ya mwaka ya gari hutozwa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye usajili siku hiyo. Mwenye gari asilolihitaji hujitahidi kuliondoa kabla ya Machi kwisha. Ndiyo miezi ambayo watu huhamia kazi mpya na kununua magari mapya, wakiyatoa ya zamani. Minada hujaa. Hata hivyo wanunuzi wa huko huko nao hushindana mpaka mwisho wa Machi, na ushindani huo hulegea kuanzia Aprili. Mtu anayeagiza mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili huchagua kutoka kundi kubwa wakati wenyeji wamekwisha kushiba.

Tarehe mbili nyingine zina uzito katika kuagiza. Ya kwanza ni 1 Januari. Mamlaka ya Mapato Tanzania huhesabu umri wa gari kwa mwaka wa kutengenezwa, na gari la abiria lililokuwa kuukuu hutozwa ushuru wa nyongeza kwa uchakavu. Gari lililonunuliwa Novemba likateremshwa Dar es Salaam Januari limezeeka mwaka mzima likiwa baharini. Kenya hali ni kali zaidi, kwani huko gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia, na kila mwaka mpya unapoanza kundi zima la magari hufungiwa mlango. Tarehe ya pili ni 1 Julai. Bajeti ya Serikali husomwa mwezi Juni na mabadiliko ya kodi kwa kawaida huanza siku hiyo, na magari ya umeme ni bidhaa ambayo serikali za Afrika Mashariki zimekuwa zikiirekebishia kodi mara kwa mara. Mabadiliko yaweza kuwa ya nafuu au ya mzigo. Chama hakinunui kwa kubahatisha. Safari ya meli kutoka Japani huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo gari lililoagizwa Mei linaweza kufika bandarini katikati ya sintofahamu hiyo. Kabla ya kulipa chochote, katibu apeleke aina, mwaka na bei ya gari kwenye ofisi ya mapato na apate makadirio ya kodi kwa maandishi.

Lipo jambo moja linalopinga mpango huu wa Machi, na si haki kulificha. Gari la Japani hulipiwa kwa dola, na dola nayo ina msimu. Katika nusu ya pili ya mwaka mazao huuzwa nje, watalii huja, na shilingi hupata nguvu. Katika miezi ya kwanza ya mwaka hudhoofika. Mwishoni mwa 2024 dola moja ilishuka hadi chini ya shilingi 2,400, na kabla nusu ya kwanza ya 2025 haijakwisha ilikuwa imepita 2,600. Nafuu yote ya mnada wa Machi inaweza kumezwa na tofauti hiyo.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine itakayoelezwa chini, chama cha msingi ni afadhali kinunue gari ambalo tayari liko nchini, limekwisha kulipiwa kodi na kusajiliwa, kuliko kuagiza lake. Dola ya gari hilo ilikwisha kulipwa na mtu mwingine. Bei yake ya Machi hufuata mfuko wa muuzaji, na mfuko wa muuzaji mwezi Machi ni mtupu.

Sababu hiyo nyingine ni betri.

Katika gari la petroli fundi husikiliza injini, huchomoa kijiti cha oili, hutazama moshi. Katika gari la umeme mali yenyewe ni betri, na betri haitoi moshi. Gari linalopatikana zaidi katika aina hii ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Japani na Marekani mwezi Desemba 2010. La kwanza lilikuwa na betri ya uniti 24, uniti zile zile za LUKU. Baadaye ikaja ya uniti 30, na mwaka 2017 ya uniti 40. Kwa kipimo cha Serikali ya Marekani, la uniti 24 lilipokuwa jipya lilikwenda kilomita 117 kwa kujazwa mara moja, na la uniti 40 kilomita 243. Hizo ni namba za gari jipya. Mwanachama aweke akilini kwamba Shinyanga hadi Kahama ni yapata kilomita 100 na Shinyanga hadi Mwanza ni yapata 160, na mara moja ataona ni gari lipi linalofika na lipi litakaloishia njiani.

Adui wa betri hiyo ni joto. Leaf lenye betri hizo halina chombo cha kupoza betri kwa maji kama baadhi ya magari mengine. Hutegemea hewa tu. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, nchi ya jangwa, walilalamika kwamba betri zilipungua nguvu kabla hata ya miaka miwili kwisha, na mwezi Desemba wa mwaka huo kampuni ikalazimika kutangaza dhamana ya ujazo wa betri. Baadaye ikabadili mchanganyiko wa betri ili istahimili joto zaidi. Shinyanga si Arizona, lakini Septemba na Oktoba jua lake hupiga nyuzi 30 na zaidi kila mchana, na gari lililoegeshwa kwenye uwanja wa saruji Dar es Salaam kwa mwaka mzima likingoja mnunuzi limepata joto lake pia. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: gari limekaa nchini miezi mingapi, na limekaa wapi? Linafuatwa na la pili: lilikaa likiwa limejaa, nusu, au tupu? Betri iliyoachwa imejaa kabisa chini ya jua huumia, na iliyoachwa tupu kwa muda mrefu huumia vibaya zaidi.

Pembeni mwa kipimo cha umeme cha Leaf kuna vijistari 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Cha kwanza hupotea betri inapokuwa imepoteza kama asilimia 15 ya ujazo wake, na kila kinachofuata huashiria kupungua zaidi. Gari la uniti 24 lenye vijistari 8 linafaa kwa mizunguko ya mjini tu. Wanachama wengi watasikia habari ya vijistari na kuridhika nayo. Wasiridhike. Kompyuta ya betri inaweza kurudishwa mwanzo, na kwa muda vijistari vyote 12 vikaonekana kwenye betri iliyochoka, mpaka gari litembee siku kadhaa na kompyuta ijifunze ukweli upya. Huo ni udanganyifu unaojulikana katika biashara hii duniani. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye gari na kuunganishwa na simu, kinachosoma hali ya betri seli kwa seli. Fundi mwenye kifaa hicho alipwe, hata kama ni wa kutoka Mwanza. Lakini barabara ndiyo isiyodanganyika.

Jaribio la barabara ni hili. Gari lijazwe umeme hadi mwisho usiku. Asubuhi lipande watu wanne, kwa sababu gari la chama halitaendeshwa na mtu mmoja mwembamba, na liendeshwe kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu kilomita 40 kwenda na 40 kurudi, huku katibu akiandika asilimia ya umeme kila baada ya kilomita 10. Namba zishuke kwa hatua zinazofanana. Zikishuka taratibu hadi nusu kisha zikaporomoka ghafla, zipo seli dhaifu ndani na mazungumzo ya bei yamekwisha. Kipimo cha joto la betri nacho kitazamwe mwishoni. Jaribio hilo lifanywe saa saba mchana siku ya jua. Februari katika ukanda huu mara nyingi huwa na kipindi cha ukavu katikati ya mvua, na siku ya namna hiyo ndiyo inayofaa. Muuzaji anayekataa jaribio la kilomita 80 amekwisha kujibu swali lenyewe.

Hapa inaonekana kwa nini gari lililo nchini ni bora kuliko la kuagizwa. Gari la mnadani Japani hununuliwa kwa picha na karatasi. Hakuna mwanachama wa Kishapu atakayelipeleka kilomita 80 kabla ya kulipa. Na dhamana ya kampuni ya huko haivuki bahari.

Mambo madogo yapitwe haraka. Magari ya Japani husema Kijapani kwenye skrini na mara nyingi hayakubali kubadilishwa lugha, jambo linalochekesha siku ya kwanza na kuudhi siku ya kumi. Waya wa kujazia umeme uhakikiwe kwamba unafaa kwa umeme wa volti 230 na kwamba upo, maana magari huuzwa bila waya na waya mpya ni ghali. Matairi, breki na mifupa ya chini hukaguliwa kama gari lolote.

Je, kila chama kinunue? La. Gari dogo la umeme tumbo lake liko chini, na barabara ya kuingia machimboni Rwamgasa wakati wa mvua, au udongo mweusi wa mbuga za Kishapu, havimwonei huruma mtu. Pamba haibebwi kwa gari hilo, wala mbolea ya wanachama 300. Kazi yake ni ya katibu na mhasibu: benki, chama kikuu, ofisi ya wilaya, kupeleka vitabu kwa wakaguzi, kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku. Chama kilicho kando ya lami, chenye umeme ofisini na safari za kila wiki zisizozidi kilomita 60 kwenda na kurudi, kitafaidika. Cha Geita mjini chenye shughuli Mwanza kimepata ahueni tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, kwani hakuna tena kungoja kivuko. Lakini safari hiyo yataka betri kubwa, si ile ya uniti 24. Vyama vilivyo ndani kabisa ya machimbo au mbugani vingojee, au vifikirie guta la umeme la magurudumu matatu, ambalo betri yake ni ndogo na huweza kubadilishwa bila kuuza ghala.

Faida yenyewe ihesabiwe kwa kalamu. Leaf la kwanza hula kama uniti 21 kwa kilomita 100, upotevu wa wakati wa kujaza ukiwa ndani. Kwa bei ya umeme iliyotangazwa mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo kwa mteja wa kawaida wa biashara ndogo, kilomita 100 hazizidi shilingi 8,000 kodi zote zikiongezwa. Gari dogo la petroli linalokunywa lita 8 kwa umbali huo, petroli ikiwa kwa mfano shilingi 3,000, litakula 24,000. Bei halisi ya mwezi ichukuliwe katika tangazo la EWURA la Jumatano ya kwanza. Chama kinachosafiri kilomita 800 kwa mwezi kitaokoa zaidi ya shilingi 120,000 kila mwezi, yaani karibu milioni moja na nusu kwa mwaka. Ni fedha ya maana kwa chama cha msingi, lakini betri ikifa mwaka wa pili akiba yote hiyo haitoshi kuinunua nyingine. Uzito wa jaribio la barabara uko hapo.

Wapo watakaokumbuka mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 na kuuliza gari litakula nini. Hali ilianza kubadilika mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere ilipowashwa Februari 2024, na bwawa hilo lina uwezo wa megawati 2,115. Umeme wa kijijini bado hukatika kwa nguzo kuanguka na mvua ya radi, lakini gari linalojazwa usiku tatu kwa wiki halidhuriki kwa saa chache za giza. Lidhuriwalo ni soketi. Soketi ya ofisi iliyofungwa kwa ajili ya balbu na simu itaungua ikipitishiwa umeme mkubwa saa nane mfululizo, pengine pamoja na ghala lililojaa pamba. Kwa hiyo fundi aliyesajiliwa afunge waya mnene wa peke yake na swichi yake, mbali na marobota, na gharama hiyo iingizwe katika makisio pamoja na bei ya gari.

Ratiba basi inakuwa hivi kwa chama kilichoamua. Hoja ipelekwe katika mkutano mkuu wa makisio, kabla mizani haijafunguliwa. Fedha itengwe Agosti na Septemba ushuru unapoingia. Soketi ifungwe Novemba au Desemba, wakati wanachama wako shambani na ghala ni tupu. Januari katibu aanze kuuliza bei bila kuonyesha haraka, na aandike kila bei aliyotajiwa pamoja na tarehe, kwa kuwa muuzaji aliyetaja bei moja Januari atataja nyingine Machi. Februari fundi atazame magari mawili au matatu. Malipo yafanyike baada ya jaribio, kwa njia ya benki, kwa jina lililo kwenye kadi ya gari na si kwa jina la dalali, na uhamisho wa umiliki ukamilishwe siku hiyo hiyo kwa jina la chama.

Chama ambacho Machi imekipita bila kupata gari zuri kisiangukie la Julai kwa kuona aibu. Kitaingia msimu na fedha yake, kitaiongezea ya ushuru mpya, na mwaka unaofuata, kwa bei ile ile, huenda kikapata betri ya uniti 40 mahali ambapo mwaka huu kingepata ya 30.